Ngoma Bila Kihenge

Wazee wetu walituachia methali isemayo kuwa akiba haiozi. Twaitamka mikutanoni na kuwaandikisha watoto wetu shuleni. Lakini tukirudi nyumbani jioni twakuta chungu kimefunikwa kifudifudi na mtoto ametumwa dukani akanunue unga wa mlo mmoja. Kesho atatumwa tena. Makala haya yana jambo moja la kusema, nalo litasemwa bila kuzungukazunguka: nyumba isiyo na chakula cha akiba si nyumba huru, na taifa linalohifadhi ngoma zake huku likiacha vihenge vyake vife, limehifadhi furaha ya mavuno na kuyasahau mavuno yenyewe.

Tuanze na neno utamaduni. Mwezi Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nia ilikuwa kubwa: kumrudishia Mwafrika heshima ya mambo yake ambayo mkoloni alimfundisha kuyaonea haya. Lakini kadiri miaka ilivyopita neno hilo lilifinywa vinywani mwetu, hata likabaki na maana ya ngoma, mavazi na vinyago. Mgeni akipelekwa Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa kwa juhudi za Padre David Clement, hutazama ngoma na viti vya watemi, kisha huangalia Bagika na Bagalu wakishindana mbele ya umati. Hupiga makofi, akaondoka. Ni nadra kumpata mtu wa kumweleza kwamba mashindano hayo ni ya msimu wa baada ya mavuno. Mchezaji aliingia uwanjani kwa kuwa kihenge chake kilikuwa kimejaa na mkono wake ulikuwa umepumzika. Ngoma ni mtoto. Kihenge ndicho mzazi. Sisi tumemlea mtoto na kumwacha mzazi afe.

Basi nyumba iliyoshiba ilikuwaje? Uani, juu ya mawe au magogo yaliyoinua kitako chake kisiguswe na unyevu wala mchwa, kilisimama kihenge kilichosukwa kwa fito na kukandikwa udongo, nacho kilivikwa paa la nyasi mfano wa kofia. Ndani yake uliwekwa mtama, uwele au ulezi. Na ulezi, kama ajuavyo kila mkulima mzee, hukaa miaka kadhaa bila kushambuliwa na wadudu jinsi yashambuliwavyo mahindi. Juu ya meko palikuwa na dari ambapo mbegu za mwaka ujao zilifukizwa moshi mchana na usiku. Kunde na choroko zilichanganywa na majivu yaliyochekechwa, zikatiwa katika mitungi. Viazi vitamu vya mwanzo wa kiangazi vilikatwa vipande na kuanikwa vibichi, vikaitwa michembe; vingine vilichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, vikaitwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa yalikuwa nsansa. Ziwa nalo lilileta furu na dagaa wa kukausha juani. Visiwani Ukerewe, ambako upepo ukichafuka vyombo havivuki, muhogo ulivundikwa na kukaushwa ukawa udaga, tayari kusagwa wakati wowote.

Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alipoandika kwa Kikerewe riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza mwaka 1945 na ambayo Tanzania Publishing House iliitoa kwa Kiswahili mwaka 1980, hakuona haya kujaza kurasa zake kilimo, mapishi na ukarimu wa nyumbani. Alijua kuwa humo ndimo unamolala utamaduni wa watu.

Yafaa ieleweke kwamba hayo hayakuwa mazoea ya watu waliokosa duka. Ilikuwa elimu yenye kalenda na hesabu. Mama mwenye nyumba alijua kwamba mvua za vuli zikianza, kazi ya shamba huwa nzito kuliko wakati wowote, na chakula huwa kichache kuliko wakati wowote. Akapima tangu Julai kile kitakachoifikisha nyumba yake kwenye mavuno mapya. Watemi nao walipokea sehemu ya nafaka kutoka kwa raia, na sehemu hiyo ilitarajiwa kulisha wageni, wahitaji, na nchi wakati wa njaa. Akiba ya kaya na akiba ya utemi zilikuwa ngazi mbili za jengo moja.

Nani, basi, aliyeua kihenge? Tusikimbilie kumtaja mkoloni peke yake, ingawa anastahili kutajwa kwanza. Alileta kodi na pamba. Pamba ilileta bati, baiskeli na ada za shule, na ushirika wa Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ulikuwa fahari ya wakulima wa Kanda ya Ziwa. Hakuna mwenye akili atakayeubeza. Lakini pamba haipikwi. Mashamba ya chakula yalipobanwa, Waingereza wenyewe walishtuka, wakahimiza sheria ndogo za kuamuru kila kaya ilime muhogo wa kinga ya njaa. Hapo ndipo kilipotokea kilichotudhuru hata leo: akiba, iliyokuwa heshima ya mama, iligeuka kuwa amri ya bwana shamba. Na jambo linalofanywa kwa kuogopa faini huachwa siku faini inapokoma.

Kisha tukaja sisi wenyewe. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, iliyofanyika huku nchi ikiwa katika ukame, familia nyingi zilihamishwa mbali na mashamba yao ya zamani. Mtu aliweza kupakia mlango na mabati kwenye lori, kihenge hakipakiki. Nchi ilitumia fedha zake za kigeni kununua nafaka ng'ambo, na wananchi wakahimizwa kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kampeni ile ilihimiza kulima. Lakini shamba hulisha watu kwa miezi michache tu, na miezi iliyosalia hulishwa na kihenge. Wakati huohuo ununuzi wa nafaka uliwekwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na watu wakazoea kudhani kuwa mahali pa chakula ni katika maghala ya shirika, nyumbani ni pa kula tu.

Ukafuata mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Vita ile ilikuwa na shabaha ya haki, kwa maana walanguzi walikuwapo kweli na umma uliteseka. Lakini katika vumbi lake mpaka baina ya akiba na ulanguzi ulififia akilini mwa watu, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Hatuna budi kuuchora mpaka huo upya. Mlanguzi huficha chakula ambacho wengine wanakihitaji ili wakose na bei ipande. Mwenye akiba huweka chakula cha nyumba yake ili siku ya shida asiwe mzigo kwa wengine, tena awe na cha kumwazima jirani. Wa kwanza hufaidi njaa. Wa pili huikinga. Kuwaita kwa jina moja ni dhuluma.

Ziwa nalo liligeuka. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alienea hadi maji ya Mwanza katika miaka ya 1980, na mamia ya aina za furu zikatoweka au kupungua mno. Furu ni mdogo, hukauka kwa jua. Sangara ni mkubwa na mwenye mafuta. Hataki jua tu, hutaka chumvi au kuni za kumkausha kwa moshi. Hivyo akiba ambayo mama aliipata kwa mkeka na jua ikahitaji mtaji. Viwanda vya minofu vilipoenea katika miaka ya 1990, minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na mwananchi akabaki na mapanki. Leo ukisimama katika soko la Mwaloni, Kirumba, utaona magunia ya dagaa na mafurushi ya kayabo yakipakiwa kwenda mbali, hata Kongo. Biashara hiyo ni halali na inawalisha wengi. Lakini dagaa wengine, kwa kuwa walianikwa mchangani badala ya kwenye vichanja, huishia kuwa chakula cha kuku, ilhali nyumba za jirani na soko hazina hata kisado kimoja cha dagaa jikoni. Kuku anayo akiba, mtoto hana.

Hata hivyo adui mbaya kuliko wote ni kasumba iliyomo ndani yetu. Kijana wa Misungwi au Kwimba akipelekewa michembe shuleni, huificha chini ya kitanda asichekwe. Akipata mkate wa juzi, huula hadharani. Mwenye nyumba wa mjini huweka sebuleni kabati la vioo lililojaa vikombe visivyonyweshwa mtu. Jikoni kwake hakuna kabati, wala hakuna cha kutia kabatini. Mgeni wa usiku akibisha hodi, watu hutazamana. Msukuma wa zamani angeona afadhali alale njaa yeye kuliko kumwambia mgeni asubiri duka lifunguliwe. Tumebadili kipimo cha heshima kutoka kwenye kilichomo ndani ya chungu hadi kwenye kinachong'aa nyuma ya kioo, halafu tunajipongeza kwamba tumeendelea.

Wako watakaopinga, nao wana haki ya kujibiwa. Wa kwanza watasema: ya nini kuhifadhi wakati duka liko mlangoni? Na tufanye hesabu. Tuseme kaya ya watu sita hula kilo tatu za nafaka kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90. Kwa mwaka ni kilo 1,080, yaani karibu magunia 11 ya kilo 100. Kaya hiyo ikivuna magunia 14, ziada yake ni magunia matatu tu. Lakini mwezi wa Julai, bei ikiwa chini kwa kuwa kila mtu anauza, huuza magunia kumi, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililofurika hadi likashonewa kilemba. Manne yaliyosalia huisha mvua za vuli zikianza. Januari mkulima huyo hununua kwa kisado mahindi ambayo huenda yalitoka shambani kwake mwenyewe, kwa bei iliyokwisha kupanda. Aliuza kwa jumla na bei ya chini. Akanunua kwa rejareja na bei ya juu. Duka liko mlangoni, ni kweli, lakini ni yeye aliyelijaza, na ni yeye anayelilipia.

Wa pili watasema: maskini hana cha kuweka. Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajapata kudaiwa. Watu wengi hawauzi mavuno yao kwa upumbavu. Wanauza kwa sababu mtoto anaumwa, sare za shule zinatakiwa, na mwenye deni amekaa uani akingoja. Kumhubiria mtu huyo kuhusu akiba bila kumwondolea kinachomlazimisha kuuza ni unafiki. Ndiyo maana jambo hili si la kaya peke yake. Tunayo Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005, ambayo shabaha yake ni kwamba mtu aweke mazao yake ghalani, akopeshwe kwa dhamana ya stakabadhi, na auze bei inapokuwa nzuri. Na iwafikie wenye magunia matano, si wenye malori tu. Vyama vya ushirika vya mkoa wa Mwanza, vilivyopata kuwa mfano katika Afrika kwa pamba, vina deni la kufanya kwa mtama na mpunga kile kilichofanywa kwa pamba.

Wa tatu watasema: Serikali inalo ghala. Ni kweli kwamba upo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza kazi mwaka 2008. Lakini ghala la Taifa ni kwa ajili ya baa kubwa. Halijui kwamba usiku huu mama fulani wa Sengerema ameugua na hawezi kwenda kibaruani. Njaa ya kaya moja haitangazwi redioni. Ghala pekee liwezalo kuiona ni lile lililo chini ya paa lilelile.

Yako mambo mawili ambayo watu hupenda kuyapita kimya, nasi hatutayapita. La kwanza ni ufunguo. Katika nyumba nyingi mama ndiye alimaye, apuraye, aanikaye na apimaye. Lakini mnunuzi akija na fedha, baba ndiye ahesabuye noti, na mara nyingine fedha hizo hazirudi nyumbani zote. Kisha Februari mama huulizwa kwa nini hakuna chakula. Huo si utamaduni; ni uonevu uliovaa joho la utamaduni. Anayeijua hesabu ya kihenge ndiye anayestahili kauli ya mwisho juu ya kinachotoka ndani yake. Tukirudisha kihenge bila kurudisha ufunguo, tutakuwa tumemwongezea mama mzigo tu.

La pili ni heshima ya binti zetu. Njaa ni dalali katili. Katika pwani za Ziwa mwanamke asiye na mtaji wala akiba hulazimika pengine kuupata mzigo wa samaki kwa kuutoa mwili wake. Upande wa Kenya desturi hiyo hata imepewa jina, nayo huitwa jaboya. Tunawalaumu wasichana, tunawalaumu wavuvi, tunahubiri. Lakini msichana ambaye nyumbani kwao kuna magunia mawili ya mtama na pipa la dagaa anaweza kusema hapana na kurudi kwao. Neno "hapana" lahitaji chakula nyuma yake. Hii ndiyo maana ya kwanza ya uhuru, na hakuna bendera iwezayo kuchukua nafasi yake.

Sasa turejee kwenye methali. Akiba haiozi? Huoza! Yaoza vibaya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunaye dumuzi, mdudu aliyekuja kutoka Amerika na kuanzia makamo yake Tabora, awezaye kugeuza mahindi kuwa vumbi katika miezi michache. Tunayo pia sumukuvu, iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Wazee hawakumjua dumuzi, na majivu peke yake hayamtoshi. Kwa hiyo hatusemi turudi nyuma. Mfuko usiopitisha hewa, ambao humfanya mdudu afe kwa kukosa pumzi, ni mjukuu halali wa mtungi uliozibwa kwa udongo. Kichanja cha dagaa ni ndugu wa dari la meko. Kinachotakiwa ni kuukubali ukoo huo: kuchukua kanuni ya wazee, yaani kausha, inua, ziba, kagua, na kuitumikia kwa vyombo vya leo. Akiba haiozi kwa mwenye kuilinda. Hivyo ndivyo methali ilivyopaswa kumaliziwa.

Na asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya ushamba. Mwaka 2018 Serikali ya Uswidi, nchi tajiri yenye maduka kila kona, ilipeleka kijitabu katika kila kaya kuwataka wananchi wajiandae kwa vita na majanga, na kuweka nyumbani chakula na maji ya kutosha. Mwaka 2024 ilitoa kingine. Wale tuliodhani ndio watu wa duka na jokofu wanafundishana sasa jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kijitabu. Je, tungoje liletwe kwetu na mtaalamu wa kigeni, katika semina yenye chai, ndipo tuliite maendeleo?

Mtu wa chumba kimoja Mabatini au Igogo atauliza: nami nitajenga wapi kihenge, juu ya jiwe? Asijenge. Achukue ndoo mbili zenye mfuniko. Kila apatapo fedha ya unga, aongeze kipimo kimoja kidogo cha maharage, cha mchele au cha dagaa wakavu, akiweke asikiguse, akile cha zamani kwanza na kuweka kipya chini yake. Miezi sita haitapita kabla hajaiona tofauti katika uso wake mwenyewe, siku ya mwajiri kuchelewesha mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa humfanya mtu alale.

Shule zetu nazo zifundishe watoto kuanika michembe kama zinavyowafundisha kucheza bugobogobo, na mtoto aandike katika daftari lake magunia mangapi yanatosha kaya yao. Maafisa utamaduni watakapokagua kijiji, wasiulize tu kuna vikundi vingapi vya ngoma. Waulize pia vihenge vingapi vimejaa, na nani ana ufunguo. Na pale Bujora, mgeni akimaliza kupiga makofi, aelezwe walichokivuna wachezaji wale kabla ya kucheza.

Ngoma zetu ni nzuri, na hatutaziacha. Lakini tumbo tupu halisikilizi ngoma kwa muda mrefu. Vihenge vikijaa, hakuna atakayehitaji kuwaita wachezaji kwa barua ya afisa. Watakuja wenyewe, kama walivyokuja siku zote, baada ya mavuno.